Miji Tisa, Mgongo Mmoja

Aliyebuni sanduku la magurudumu hakuwahi kupanda Toledo. Mji ule umekaa juu ya kilima, mto Tajo umeuzunguka pande tatu, na vichochoro vyake vimetandikwa mawe ambayo hayakuwekwa kwa ajili ya magurudumu ya plastiki. Mimi nimezitazama picha zake kwa jicho la mtu anayejua ni nani atakayebeba mizigo. Mke wangu amezitazama kwa jicho la mtu atakayepigwa picha, akauandika Toledo kwenye orodha, usiku mmoja, kati ya Madrid na Segovia. Orodha hiyo ina miji tisa ya Uhispania. Safari yenyewe haifiki wiki mbili, fedha zake zimetoka kwenye chama na kwenye pikipiki yangu niliyoiuza, na mgongo utakaobeba masanduku ya watu wanne ni mmoja tu, huu wangu, unaolalamika hata nikiinama kufunga kamba za viatu.

Nyumbani kwangu hakuna anayeamini kwamba kuhama hoteli ni kazi. Wao wanaona unatoka mlango huu unaingia mlango ule. Hawajajiuliza ni kwa nini hoteli inakutaka utoke saa tano au saa sita mchana, na ile unayokwenda haikupi chumba hadi saa tisa alasiri, hata kama treni imekufikisha mapema. Katika saa hizo za katikati wewe ni mtu aliyelipia vyumba viwili na hana hata kimoja, unayeketi juu ya sanduku katika bustani ya watu ukinywa kahawa usiyoitaka ili uruhusiwe kutumia choo cha mkahawa. Sijataja bado chaja iliyosahaulika nyuma ya kitanda, wala leso ya mama mkwe iliyoachwa ikikauka bafuni, ambayo itagunduliwa tukiwa tumeshaketi ndani ya treni na ambayo, kwa namna nisiyoielewa, itakuwa kosa langu.

Halafu kuna karatasi. Ombi la viza ya Schengen linataka ioneshwe utalala wapi, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 na ada ya euro 90 kwa kila mtu mzima, ambayo hairudishwi hata ukinyimwa. Hoteli tisa ni stakabadhi tisa, na tarehe moja ikipishana na nyingine nitakuwa mimi nikitoa maelezo dirishani, huku mwenye orodha akiwa nyumbani anachagua kofia.

Kwa hiyo nilikaa na ramani usiku, wengine wakiwa wamelala, nikaja na hoja ambayo mpaka leo naiona haina mpinzani: tulale katika miji mitatu tu, Barcelona, Madrid na Sevilla, na mingine yote tuiendee asubuhi na kurudi jioni mikono mitupu. Tuingilie Barcelona na tutokee Sevilla, ili tusilipe nauli ya kurudi tulikotoka. Reli za mwendo kasi za nchi ile zimetandazwa kutoka Madrid kwenda pembeni, na ukilala Madrid, Toledo ni nusu saa hivi kwa treni na Segovia haifiki hata nusu saa, ingawa stesheni ya Segovia wameijenga nje ya mji na inabidi upande basi. Kutoka Barcelona, Girona ni dakika arubaini hivi. Kutoka Sevilla, Córdoba ni robo tatu ya saa. Yaani mtu anaweza kuiona Toledo yote, mawe yake na kilima chake, akiwa amebeba chupa ya maji peke yake.

Wakanisikiliza kama ninavyosikilizwa nikieleza bili ya umeme.

Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, ndiye aliyenijibu kwanza. Huyu hajawahi kufika Uhispania ila anaijua kwa sababu ya mpira. Akasema tiketi za treni tutanunua tukifika, tutapatana bei. Nikamweleza kwamba pale stesheni ya Atocha, Madrid, hakuna makanga wa Mwembe Tayari wa kukuvuta shati na kukupunguzia. Njia ya Madrid na Barcelona ina zaidi ya kilomita 600, treni huimaliza kwa saa mbili na nusu, na tangu mwaka 2021 makampuni yamekuwa yakishindana humo, kwa hiyo anayenunua mapema hupata bei ya chini sana, na anayenunua asubuhi ya safari hulipia uvivu wake. Akasema basi ninunue mimi. Ninunue mimi! Hilo ndilo shauri lake la kwanza na la mwisho katika mambo yote ya fedha.

Ugomvi mkubwa umekuwa Granada. Mama mkwe hataki mengi katika dunia hii, anataka Alhambra, ile ngome ya wafalme iliyoko Granada, na msikiti wa Córdoba, na kwa kweli ndiye mwenye orodha ya busara kuliko wote. Córdoba haina shida: msikiti ulianza kujengwa mwaka 785, leo ni kanisa kuu, na asubuhi mapema, isipokuwa Jumapili, mtu huingia bure kabla ya saa tatu na nusu, jambo lililonifanya niupende kabla sijauona. Tumemwambia kwamba Waislamu hawaruhusiwi kusali mle. Akanyamaza kidogo, akasema mlinzi wa mlangoni hataona anachosoma yeye moyoni.

Lakini Granada iko kilomita 250 hivi kutoka Sevilla, saa tatu za basi kwenda na tatu za kurudi, na tiketi ya Alhambra huandikwa jina na namba ya pasipoti pamoja na saa ya kuingia katika majumba ya wafalme wa Nasri. Ukichelewa saa hiyo, majumba hayo utayaona kwenye kadi ya posta. Mke wangu akapendekeza tulale Granada usiku mmoja na kuacha masanduku katika chumba cha Sevilla. Nikauliza, kwa heshima, kama tunalipia kitanda kwa ajili ya masanduku, na kama masanduku yangependa pia kifungua kinywa. Tumekubaliana kutoka alfajiri na kurudi usiku. Mama mkwe anasema yeye amelala kwenye basi la Nairobi miaka yote na hajawahi kuvunjika kitu.

Kuhusu chakula sina manung'uniko, na hilo linanisumbua. Mchana wana mlo wa bei moja wenye sahani mbili, mkate, kinywaji na kitindamlo, hivyo mtu hula mara moja akashiba. Usiku majiko mengi hayawaki hadi saa mbili na nusu au saa tatu, nikadhani mama mkwe, ambaye hali mpaka aswali Magharibi, atateseka. Nikatazama ratiba: katikati ya Agosti Magharibi ya Madrid na Sevilla inaingia baada ya saa tatu usiku. Amekuwa Mhispania bila kufanya lolote.

Kilichobaki ni vyumba. Tumechagua hostal, yaani nyumba za wageni zinazoendeshwa na familia, kwa sababu ya bei, na Barcelona hutoza kodi ya utalii juu ya hapo, kwa kila mtu mzima kwa kila usiku. Ile tuliyoipata iko ghorofa ya kwanza, haina lifti, na mimi nikashukuru. Kisha nikasoma kwamba katika majengo ya zamani ya Barcelona, kabla ya ghorofa ya kwanza kuna ngazi ya kwenda entresuelo, halafu ngazi nyingine ya kwenda principal, ndipo wanaanza kuhesabu. Ghorofa ya kwanza yao ni ya tatu yangu. Nimetafuta nyingine yenye lifti, imezidi bei kidogo, na shemeji amesema tusiwe watu wa anasa.

Jana usiku ameuliza Lisbon iko mbali kiasi gani kutoka Sevilla. Nikamjibu kwamba ni nchi nyingine na hakuna treni ya moja kwa moja. Akasema anajua, ndiyo maana ametazama basi.