Mtwara Hii Ukikataa Soda Unaulizwa Umegombana na Nani

Hivi jamani nani aliwadanganya watu kwamba kupunguza sukari kwenye vinywaji ni uamuzi wa mtu mmoja? Maana kule redioni utamsikia daktari anaongea kirahisiii, "punguzeni vinywaji vyenye sukari, kunyweni maji ya kutosha", afu anapigiwa mziki anaondoka zake. Daktari huyo hana wakwe Mikindani.

Mi mwenzenu ni fundi pikipiki, gereji yangu ipo njia ya Naliendele, ubavuni mwa kijiwe cha bodaboda, na jua la huku mnalijua wenyewe, ukishinda umeinamia injini mpaka saa nane mchana koo lote limekauka unatafuta chochote cha baridi hata kama ni barafu ya mtoto. Sasa kuna kipindi walikuja watu wa afya wanapima presha na sukari bure viwanja vya Mashujaa, na mimi kwa kupenda vya bure nikawahi asubuhi sijatia kitu mdomoni. Nikatoka na 6.4. Nesi akaniambia, "Baba usiogope, kama hujala kisukari tunakihesabu kuanzia 7, wewe upo mpakani." Yaani mpakani! Sisi watu wa Mtwara mpaka tunaujua, unafika Kilambo unauona Ruvuma, ng'ambo ndio Msumbiji hiyo, ukitaka kurudi unageuza bodaboda unarudi. Nikamuuliza sasa huku kwenye sukari narudije? Akasema anza na vinywaji baba, ndio rahisi.

Rahisi! Hakusema kama ukoo mzima utaitisha kikao.

Kazi ilianzia nyumbani kwangu mwenyewe. Nina binti yupo kidato cha pili, huyo tangu asikie habari za mpakani kajipa uaskari, kila chupa ikiingia ndani anaigeuza kusoma maandishi ya nyuma. Akaniambia baba soda nyingi za kawaida zina sukari gramu 10 na ushee kwa kila mililita 100, kwahiyo hii yako ya 350 ina kama gramu 37, na kijiko cha chai ni gramu 4, afu bila kuomba ruhusa akashika kopo la sukari la mama yake akaanza kuchota kwenye kisosi, moja, mbili, mpaka tisa. Kisosi kikajaa kikamwaga. Mi nimetoa macho naangalia kile kilima, mama yake naye katoa macho ila mwenzangu hakushtuka habari ya afya yangu, kashtuka habari ya kopo, "Rudisha sukari yangu hiyo mara moja, unajua kilo bei gani?" Binti naye hakomi, anasema Shirika la Afya Duniani toka 2015 linashauri mtu mzima ikiwezekana asizidishe kama gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita, na hapo wamejumlisha mpaka ya kwenye chai. Kwahiyo soda moja imeshakula ya leo na nusu ya kesho na andazi hujaligusa!

Na mtu asije akaniambia mi napenda gesi. Gesi ya Mnazi Bay inapita zake kwenye bomba inaelekea Dar tangu 2015, mi gesi inayonifikia kooni ni hii ya soda tu, na hii nayo mnaitaka.

Basi nikasema sawa, naacha soda nahamia juisi za asili. Weee. Pale sokoni kuna dada anauza juisi ya ukwaju na ubuyu, nikamuuliza umeweka sukari? Akajibu, "Nimeweka kidogo tu kaka, ya kuondoa ugwadu." Ile kidogo nimeionja, meno yalisimama yakanisalimia. Nikasogea kwa kijana wa miwa, anasaga na tangawizi na ndimu, povu linapanda, nikauliza na wewe je, akanijibu bila kupepesa macho, "Hii haina sukari kabisa bro, ni miwa tupu." Sasa mtu kama huyo unambishia unaanzia wapi? Sukari yenyewe kiwandani wanaitoa wapi, kwenye mhogo? Na jirani yangu anayejiita mtaalamu wa tiba kaniambia nitie asali, asali ni dawa, hata ukinywa kikombe kizima haihesabiki. Nikampelekea binti kesi, binti akasema baba wale wa gramu 25 wameihesabu asali humo humo pamoja na juisi ya matunda. Sasa hao watu wametuachia nini jamani.

Madafu ndio yangeniokoa. Dafu lina utamu wake ila hufananishi na soda hata kidogo, na baridi yake ni ya Mungu mwenyewe. Lakini mji umezungukwa na minazi huku dafu linauzwa kama limekuja na ndege! Nikimwambia muuza punguza, ananionyesha juu ya mnazi, "Panda mwenyewe mzee." Mi huyu na goti hili.

Wazee wa kahawa wao hawana shida, kahawa chungu vikombe vidogo vile, hakuna hata punje ya sukari, na wanajisifu kweli kweli, "sisi ndio tunaishi miaka mingi." Mzee huyo huyo anaongea ana kashata mbili mkononi na ya tatu shavuni.

Hapo kijiweni kwa bodaboda ndio sitaki hata kuangalia. Vijana wale chai hawanywi, wanafungua asubuhi na enaji ya kopo kwenye tumbo tupu, na nyingi ya hizo zina kafeini kama miligramu 30 kwa kila mililita 100 na sukari inakaribiana na ya soda, afu saa tano anakuletea pikipiki anakwambia "fundi inatetemeka". Nikikagua pikipiki nzima mbona ipo sawa? Kinachotetemeka ni mikono yake.

Sasa tuje kwa mama mkwe, hapa ndipo penye kesi. Mama mkwe wangu Mikindani anapika chai ya rangi ina mchaichai na mdalasini, ukikata kona tu unaisikia harufu, na sukari haiwekwi mezani ukajipimia, sukari inachemka humo humo sufuriani na majani, ikitoka hapo inaingia kwenye chupa, imeisha hiyo. Nimefika, shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu chai. Nikasema kwa adabu zote, mama mi nitaomba maji tu. Kimya. Akaniangalia, akamwangalia binti yake, akaenda uani. Nasikia huko uani, "Mmegombana?" Mke wangu anasema hapana mama, kaambiwa apunguze sukari. "Kaambiwa na nani?" Nesi. "Nesi huyo yeye ni nani kwao?" Ikarudi chai ile ile, safari hii kwenye kikombe cha maua, kile cha wageni wa heshima, na akakaa mbele yangu na kanga yake akaniangalia mdomoni. Nyie mngefanyaje? Nikanywa. Nilipomaliza akaongeza, maana kwao kikombe kikiwa kitupu maana yake mtu hajashiba. Toka siku hiyo nimejifunza nabakiza nusu, nusu hiyo naizungusha zungusha mpaka muda wa kuaga. Mke wangu aliongea naye baadae, sasa kanipikia yangu pembeni haina sukari, ila anapoileta anatangaza kwa sauti watu wote wasikie, "Hii ya mgonjwa." Mgonjwa wapi jamani, 6.4!

Na msimu wa korosho unakuja, mabibo yatakuwa chini kila shamba yanaoza bure. Juisi ya bibo bichi wanasema ina vitamini C kupita hata chungwa, na kweli ukikamua ukanywa muda ule ule ni kitu kizuri ingawa inakwaruza koo. Shida ni watu wetu. Jirani anakamua ndoo nzima asubuhi anakwambia ni ya watoto, afu "anaisahau" mpaka kesho yake imeshachacha imekuwa uraka, pombe ya mabibo hiyo, na watoto hawaitaki tena, basi ananywa yeye kwa uchungu ili isimwagike. Kila msimu anasahau huyo.

Harusini nako. Umetoa mchango wako, umepewa kadi, umekaa meza ya nyuma kabisa karibu na spika, wanapita wale wagawaji na kreti, unasema mi maji tu dada. Anakuangalia juu chini. "Maji ni ya meza kuu." Yaani mtu nakataa kitu cha gharama naomba maji, naambiwa sijafikia cheo! Nikamwambia basi chukua soda yangu wape maharusi mniletee maji yao. Wenzangu mezani wakadaka fasta, "Hiyo soda yake lete huku," wakanigawana nikiwa nimekaa hapo hapo, na mmoja ananiuliza kwa huruma kabisa, "Fundi, umeanza dozi?" Mi nikaenda nje kununua maji dukani, nakuta bei ya chupa ya maji na bei ya soda zimeachana shilingi za kuhesabia vidole, afu mwenye duka naye, "Soda ndio imepoa, maji ya moto."

Kidogo ninachofaidi ni chai yangu ya gereji. Nilikuwa naweka vijiko vinne, nikashusha taratibu, sasa natia kimoja na ulimi hauandamani tena, juzi nimekunywa soda ya mtu nikaiona inanata mdomoni. Ila hii sitaki binti aijue, ataanza kunipima na chai ya gereji.

Sasa hivi nina mtihani mwingine. Mdogo wake mke wangu anaoa Newala, tunapanda kupeleka posa, na wenyeji wameshapiga simu kuuliza tupo wangapi wajue waagize kreti ngapi. Nikachukua simu nikasema shemeji kwa upande wangu msihangaike na soda, mi mniwekee maji tu yananitosha. Akanyamaza kidogo. Newala iko juu kule uwandani, kilio cha maji kipo tangu babu zetu wanashuka bondeni na ndoo kichwani. Akasema, "Shemeji, kreti tunaleta hata tano. Hayo maji ungekuja nayo."