Riwaya ya mapenzi ya Lubumbashi: miaka ya vita au miaka ya kambi?

Anayetaka kuandika riwaya ya mapenzi ya zamani hapa Lubumbashi husukumwa kwenye kipindi kimoja: kujitenga kwa Katanga, jimbo letu, na Kongo, kuanzia 11 Julai 1960 hadi Januari 1963. Akisema anapendelea kambi za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba wakati wa ukoloni, anajibiwa kwamba kule hakuna kisa, na kwamba ataisafisha kampuni, yaani ataficha maovu yake. Lawama ya pili ina uzito. Ya kwanza inatoka kwa watu wasioijua kambi.

Kujitenga kuna mali yake. Kuna bendera na sarafu zenye misalaba ya shaba. Kuna Septemba na Desemba 1961, ONU (majeshi ya Umoja wa Mataifa) na wajandarme (askari wa Katanga) wakipigana ndani ya mji, na kambi ya wakimbizi Waluba. Kijana Mlunda na binti Mluba wa Kasai hawahitaji mwandishi awabunie kizuizi, maana siasa ya kujitenga iliwaweka watu wao pande mbili, na wajukuu wao watakisoma kitabu wakijua maumivu yanatoka wapi.

Lakini kalenda ndiyo inayotawala. Kabla wawili hao hawajasalimiana, mwandishi ameshalazimika kumweleza Tshombe, rais wa Katanga, na ONU, mamluki na serikali ya Ubelgiji kule Brussels. Bomu likilia wanakimbia, likinyamaza wanarudi. Wanakuwa watazamaji wa vita, na riwaya ya mapenzi inaishi kwa maamuzi madogo ya watu wawili.

Sasa tazama mwaka 1928. Mpaka hapo wanaume wengi waliletwa migodini kwa mikataba mifupi, ya miezi tu, wakaacha wake vijijini. Ndipo Union Minière ikageuza siasa yake ikaanza kuandika watu kwa miaka 3, ikitaka waje na wake zao au waoe. Miaka 3! Hapo ndipo ningemtaka mwandishi akae muda mrefu. Mwenye mkataba wa miezi 6 anatuma pesa nyumbani na kuhesabu siku. Mwenye miaka 3 anaanza kutazama nani anapita na ndoo ya maji. Anaweza kuahidi, na anaweza kudaiwa ahadi yake. Kama hana mahari, kampuni yenyewe ilikuwa tayari kumkopesha, halafu ikate kidogo kidogo kwenye mshahara. Fikiria jioni moja: mume na mke wamekaa mbele ya bukari (ugali), wamekasirikiana, na mwisho wa mwezi jina la mke bado limo kwenye hesabu ya deni. Je, mapenzi yalikuja kabla ya mkopo, au mkopo ndio uliyaleta? Swali hilo linabeba kurasa 200 bila mzinga hata mmoja.

Hakuna kisa pale? Mke na watoto walihesabiwa kwenye posho ya juma, kwa hiyo karani alijua nani ameolewa na nani anajificha. Watoto walipelekwa kupimwa uzito. Kazi ikiisha, nyumba inarudi kwa kampuni. Binti wa kambi akimpenda fundi cherehani wa Kamalondo, mtu wa sité, mtaa wa Waafrika nje ya kambi, asiye na posho wala nyumba ya Union Minière, baba yake ana sababu ya kukataa ambayo msomaji ataielewa mara moja. Na Mwafrika asiye na karatasi ya ruhusa hakutembea usiku katika mji wa Wazungu. Boyi anayelala nyuma ya nyumba ya bwana wake na mpenzi wake aliye kambini wanahitaji karatasi ili waonane.

Hapa ndipo lawama ya kusafisha inapodai jibu. Ni kweli, wazee wengine bado wanasema kampuni ilikuwa baba na mama, na mwandishi mvivu atainakili sauti hiyo tu. Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma hapa mjini walipigwa risasi; riwaya ya 1938 hadi 1945 isiyolijua jambo hilo imedanganya. Lakini kuonyesha kampuni ikishika daftari la kitanda cha watu hakuisafishi. Kunaonyesha ilifika mbali kiasi gani.

Makosa ya kawaida ni madogo, na ndiyo yanayomfukuza msomaji mzee. Mhusika wa 1950 anapokea barua yenye muhuri wa "Lubumbashi", wakati kwenye karatasi za serikali mji ulikuwa Élisabethville mpaka 1966, na Likasi ilikuwa Jadotville. Analipa kwa makuta, ambazo zilikuja 1967. Kabla yake ni franga. Anaitwa kwa jina la kizaire tupu, kabla majina ya ubatizo hayajakatazwa na Mobutu 1972. Dawa yake ni kuchagua mwaka badala ya "enzi za ukoloni", kisha kuandika pembeni siku ya mshahara, siku ya posho na tarehe ya mwisho wa mkataba. Lugha ya watu wa chini ipo pia: watumishi wa nyumbani waliandika historia yao ya mji huu kwa Kiswahili mwaka 1965, nayo inamfundisha mwandishi mengi kuliko taarifa za wakubwa.

Nikichagua mimi, ningeanza na mkataba uliotiwa saini Agosti 1928. Unaisha Agosti 1931, na bei ya shaba imeshaanguka, na treni zinarudisha maelfu ya watu makwao. Mume ana tiketi. Mke alizaliwa hapa hapa, mtoto wao wa kwanza ana miezi 7, na mahari haijamalizika kulipwa.