Saa nane usiku duka limefungwa

Mafundi wengi wa kompyuta hapa Kisumu wanaipenda saa nane usiku. Mpe fundi kazi ya skripti (programu fupi) ya kuweka bakapu ya hesabu za duka, naye ataandika kwenye cron, programu ya Linux inayoanzisha kazi kwa ratiba, `0 2 * * *`, achukue chake aende. Mstari hauna kosa: dakika sifuri, saa 02:00, kila siku. Ila saa hiyo kompyuta ya duka la vipuri kule Kibuye imezimwa, tena imezimwa ukutani, kwa sababu mwenye duka anachunga tokeni za stima.

Cron haikumbuki deni. Saa ikipita mashine ikiwa imezimwa, kazi hiyo imekwenda. Itasubiriwa saa nane ya kesho, nayo itakuta mashine imezimwa vilevile. Wala hakuna onyo, maana skripti ambayo haikuanza haiwezi kuandika kosa popote.

Desturi ya usiku wa manane ni ya seva zisizozimwa, ambazo mchana huelemewa na watumiaji. Sisi tunainakili tu. Kwa maoni yangu, duka lipange bakapu saa saba mchana, mashine ikiwa inawaka na mtu akiwa karibu. Faili za duka dogo si nyingi kiasi cha kumkwamisha anayeuza. (Jumapili soko la Kibuye hufurika, basi siku hiyo isogezwe jioni kabla ya kufunga.)

Lakini stima hupotea hata mchana, na hapo ndipo ningemtaka fundi aijue anacron. Hiyo haishughuliki na saa. Inaangalia ni siku ngapi zimepita tangu kazi ifanyike mara ya mwisho, na kama muda umefika, inaifanya mashine ikishawashwa. Anayepanga kazi kwa taima za systemd, msimamizi wa huduma za Linux, zenye `OnCalendar` (mstari wa ratiba) aongeze `Persistent=true`. Wa Windows aingie Task Scheduler, atie alama kwenye kisanduku cha kuanzisha kazi iliyopitwa na wakati. Usipokigusa, hubaki kitupu.

Kwa seva ya kukodi, tazama kwanza inafuata saa za wapi. Nyingi ziko kwenye UTC (saa ya kimataifa), saa tatu nyuma yetu, kwa hiyo saa saba yetu mchana (13:00) huandikwa 10 kwenye nafasi ya saa ya cron.

Na skripti itume SMS kila inapomaliza salama, isiwe inapokosea tu. Siku ujumbe usipofika, mwenye duka atampigia fundi mwenyewe.