Nalipwa nyota

Tangu juzi huko Ilomba, Mbeya, sipiti kwa miguu, napita na bajaji tena nimeinama, maana watu bado wananidai fidia.

Iko hivi. Kuna programu inaitwa StreetComplete, ni ya bure, huhitaji kujua kuchora ramani wala nini, inakuwekea vialama hapo ulipo, ukigusa kimoja inakutupia swali: hii njia ni lami au udongo? usiku ina taa? hili jengo ni la nini? nyumba namba ngapi? Unajibu unasonga, majibu yanaingia OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, na bando likikata yanakaa kwenye simu yanasubiri. Ukishaanza huachi, yaani ni kama karanga.

Sasa nimeinama getini nasoma kibao, vile vya anwani za makazi vya 2022, namba imefunikwa na vumbi nafuta kwa kidole, nanyanyua kichwa naangalia nyumba, naandika, nageukia barabara, naandika. Mama mmoja aliyekuwa anachambua mboga akapaza sauti ndani, "Tokeni nje, wapimaji wamekuja!"

Balaa. Mwenye duka akashusha mlango wa bati, yeye alisikia ni watu wa kodi. Mzee mmoja kanishika mkono, "Kijana, lile banda la kuku andika nyumba, lina dirisha." Nageuka namwona yule mama ana jembe, anachimba vishimo pembeni ya uzio anachomeka miche ya parachichi, kwenye fidia si miti inahesabiwa bana! Ya mwisho alikuwa anafukia na viriba vyake hivyohivyo.

Mwenyekiti wa mtaa akaletwa. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa, najitolea. Ramani ni ya watu wote mzee, hata wewe unaweza kurekebisha."

"Imetoka wapi?"

"Ilianzia Uingereza, 2004..."

Sikumaliza. Bibi mmoja huko nyuma, "Mwe! Waingereza wanarudi!"

"Na wanakulipa shilingi ngapi?"

"Nyota."

Kimya. Nikamwonyesha kwenye simu, kila ukijibu unahesabiwa nyota. Mwenyekiti akavaa miwani, akaziangalia weee, akanirudishia simu taratibu kama mtu anayemrudishia mgonjwa majibu ya vipimo. "Mpisheni apite," akawaambia watu, "huyu hana shida na mtu."

Watu wakacheka ila yule mama hakucheka hata kidogo, miche ilikuwa ya kuuza na mingine mizizi imeshakatika. Basi nikanunua yote. Nakaa chumba kimoja cha kupanga hapa Mwanjelwa, sasa hivi korido ni shamba, mwenye nyumba ananiangalia tu.

Mzee wa banda la kuku ndo aliwahi kuchukua namba yangu. Jana kapiga tena: "Kijana, limeshafika Uingereza?"