Mwenye Nyumba Ndiye Mimi

Kinachonikera si swali la "utaolewa lini", kwani hilo nimeshalizoea na jibu lake ninalo. Kinachonikera ni fundi anayeingia kwangu kutengeneza bomba, akanisikiliza nikimweleza mahali linapovuja, kisha akauliza kama baba mwenye nyumba yupo ili wapatane bei. Mkataba wa pango una jina langu, kodi nailipa mimi, na hata pesa ya ufundi wake itatoka mkononi mwangu, lakini yeye bado anachungulia sebuleni akimtafuta mwanamume ambaye hayupo wala hatarajiwi.

Mwaka 1979 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na ibara yake ya 15 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kuingia mikataba na kusimamia mali. Sidhani kwamba bomba la jikoni liliachwa nje ya haki hiyo.

Halafu wapo wanaonisifu kuwa jasiri kwa kuishi peke yangu (jasiri wa nini, wa kulala na kuamka?), ilhali kaka yangu, ambaye naye hajaoa, huambiwa tu kwamba bado anajipanga.