Texas imekataza kamari, barabara iko wazi

Ukitoka Dallas na kushika barabara ya I-35 kwenda kaskazini, baada ya mwendo wa saa moja na ushee unavuka Mto Red, na hata hujakaa sawa jengo la WinStar limeshakutokea. Liko Thackerville, jimbo la Oklahoma, ni mali ya taifa la Chickasaw, wenyeji asilia, na ni miongoni mwa kasino kubwa kabisa duniani. Upande wa mbele umejengwa kwa kuiga miji: hapa London, pale Paris, mbele kidogo Cairo. Mimi hiyo miji nishaizoea. Ninachotazama ni namba za magari kwenye maegesho, na safu kwa safu ni za Texas.

Wanaotaka Texas ifungue milango huanzia hapo hapo kwenye maegesho. Katazo, wanasema, halijamzuia mtu kucheza. Limemhamisha tu, akaenda kuliwa ng'ambo na kodi yake ikabaki huko.

Katazo lenyewe ni la zamani. Katiba ya Texas ya mwaka 1876 inaliagiza Bunge la jimbo kupiga marufuku bahati nasibu, na kila kilichoruhusiwa baadaye kimepita kwenye tundu lililotobolewa kwa kura ya wananchi: bingo ya kuchangisha fedha za hisani, kamari ya mbio za farasi, kisha bahati nasibu ya serikali iliyopigiwa kura 1991. Ndiyo maana leo mtu wa miaka 18 anaingia kituo cha mafuta, anaonyeshwa ukuta mzima wa tiketi za kukwangua nyuma ya kioo, anachagua ya dola 20, anakwangua pale pale kaunta kwa sarafu huku foleni ikimsubiri. Farasi wanachezewa Lone Star Park huko Grand Prairie na Sam Houston Race Park, Houston. Lakini mgeni aliyetoka Dar au Nairobi, aliyezoea kusuka mkeka kwenye simu akiwa ndani ya daladala, akifungua programu ya kubeti mechi anaambiwa mahali alipo hapahudumiwi. Wengi hudhani simu ina tatizo.

Poka, mchezo wa karata wa kuwekeana fedha, ina kituko chake. Sheria inakupa utetezi kukiwa na mambo matatu: mnacheza mahali pa faragha, hakuna anayenufaika ila kwa alichoshinda mwenyewe, na nafasi ya kushinda au kupoteza ni sawa kwa wote. Wajanja wakafungua klabu za wanachama zinazotoza kiti kwa saa, bila kugusa fedha za mezani. Je, kulipia kiti si kunufaika? Jibu linategemea mji uliomo na mwendesha mashtaka aliyeko madarakani.

Wenyeji asilia waliobaki ndani ya Texas nao walipigana kortini kwa miaka. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliamua kwamba kwa kuwa Texas inaruhusu bingo, haiwezi kuwalazimisha Wapueblo wa Ysleta del Sur wa El Paso wafuate masharti yake ya kuiendesha. Uamuzi huo ukawa kinga pia kwa Waalabama-Coushatta na jumba lao la Naskila karibu na Livingston. Mashine za Naskila zinawaka taa na kulia kama dubwi lolote la Mwanza, ila ndani yake kinachochezwa ni bingo. Mchezaji haoni tofauti. Sheria inaiona.

Kwa nini basi Bunge halibadilishi? Kubadili katiba kunahitaji theluthi mbili ya kila baraza, kisha kura ya wananchi. Mwaka 2023 pendekezo la kubeti michezo lilipata kura 101 kwenye baraza la wawakilishi, zilipohitajika 100. La kasino halikufika. Hilo lililopita lilifia Seneti, anakoongoza naibu gavana Dan Patrick, ambaye msimamo wake ni kwamba haleti mbele ya Seneti jambo lisiloungwa mkono na maseneta wengi wa Republican. Nyuma ya pendekezo la kasino kulikuwa na fedha nzito: kampuni ya kasino ya Las Vegas Sands, ambayo mwenye hisa wake mkubwa, Miriam Adelson, alinunua sehemu kubwa ya timu ya mpira wa kikapu ya Dallas Mavericks mwaka huo huo. Upande wa pili kuna makanisa, Wabaptisti hasa, na hoja yao si ya biblia peke yake. Wanasema kamari hula mshahara wa maskini kwanza.

Katikati ya mabishano hayo serikali ikajivua nguo yenyewe. Aprili 2023 kikundi kimoja kilinunua karibu namba zote milioni 25.8 zinazowezekana za Lotto Texas, dola moja moja, kikabeba donge la dola milioni 95. Mashine za kuchapa tiketi zilifanya kazi kutwa kucha kwa msaada wa kampuni za kununua tiketi mtandaoni. Hakuna sheria iliyovunjwa wazi, ila kila aliyekwangua tiketi yake kwa matumaini aliona mchezo umeuzwa. Mwaka 2025 tume ya bahati nasibu ilivunjwa, kazi yake ikapewa idara ya leseni, na biashara ya kununuliana tiketi mtandaoni ikapigwa marufuku. Wanaosema "ruhusu halafu simamia" wanatakiwa kulijibu hili: msimamizi ni serikali hiyo hiyo.

Hata hivyo siungani na wanaotaka kila kitu kifungwe. Kosa la mjadala huu ni kuitia kasino na simu kapu moja. Kasino ina umbali. Lazima ujaze mafuta, uendeshe, umdanganye mke ulikokwenda, urudi usiku na usingizi. Mwendo wa saa moja na nusu ni sheria kali kuliko nyingi zilizoandikwa. Simu haina mto wa kuvuka. Sisi tuliokulia mikeka tunajua: mtu hafilisiki siku ile mkeka ulipochanika kwa dau kubwa. Anafilisika kwa shilingi mia tano mia tano, chooni, kitandani, kazini. Kama ningekuwa na kura bungeni Austin, ningeruhusu majumba machache ya kasino yenye kodi nene, na kubeti kwa simu ningekukataa.

Kwa wasomaji walioko huko, kuna jambo ambalo kampeni za pande zote mbili hazilisemi. Kucheza kamari haramu Texas ni kosa dogo, faini yake haizidi dola 500. Lakini kwa anayeomba uraia, sheria ya uhamiaji humhesabu hana mwenendo mwema kama katika kipindi kinachochunguzwa ametiwa hatiani kwa makosa mawili au zaidi ya kamari, au kama kipato chake kikuu kimetoka kwenye kamari haramu. Huo mchezo wa karata wa Jumamosi gereji kwa rafiki, mwenye nyumba akikata chake, uangalie vizuri. Na Texas haina kodi ya mapato, ila serikali kuu inayo. Kuanzia 2026 ni asilimia 90 tu ya hasara za kamari inayoruhusiwa kutolewa kwenye kipato kinachotozwa kodi: shinda dola 10,000, poteza 10,000 hizo hizo, na bado 1,000 inahesabiwa kipato.

Bunge la Texas hukutana kwa siku 140 kila mwaka usiogawika kwa mbili, kwa hiyo kikao kijacho cha kawaida ni Januari 2027. Wakati huo huo, tangu Januari 2025 kampuni ya Kalshi inauza "mikataba" ya matokeo ya michezo chini ya leseni ya tume ya shirikisho ya masoko, na kila mtu wa miaka 18 Texas anaweza kuinunua. Mvutano na majimbo kadhaa umefika mahakamani. Kijana wa Fort Worth hana haja ya kujua hayo. Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, anafungua simu, ananunua kwa senti 58 mkataba wa "ndiyo", yaani Cowboys, timu ya mpira wa Kimarekani ya Dallas, itashinda, na safari hii simu haimwambii kwamba mahali alipo hapahudumiwi.