Mashabiki wakitoboa, nani hasa anayetambuliwa?

Mkesha wa mwaka mpya wa 2016, Wajapani wakiwa mbele ya televisheni kama ilivyo desturi yao, mama mmoja aliyekwishavuka miaka 60 alipanda jukwaani kwenye Kohaku Uta Gassen. Hilo ni shindano la nyimbo ambalo NHK, shirika lao la utangazaji la taifa, hulirusha kila tarehe 31 Desemba: wanawake kundi jekundu, wanaume kundi jeupe. Ukiitwa pale, hakuna tena wa kukuuliza wewe ni nani. Mama huyo ni Sachiko Kobayashi, gwiji wa enka, muziki wa machozi na mapenzi yaliyopotea ambao wazee wa Japani wanaupenda kama wazee wetu wanavyopenda zilipendwa. Usiku ule hakuimba enka. Aliimba Senbonzakura, wimbo wa mwaka 2011 wa mtunzi anayejiita Kurousa-P, ambao mwimbaji wake wa kwanza hakuwa mtu. Ulikuwa umeimbwa na programu ya kompyuta.

Alifikaje huko? Kobayashi alikuwa ameitwa Kohaku miaka 33 mfululizo, hadi 2011. Mwaka 2012, baada ya mgogoro katika ofisi iliyomsimamia, hakuitwa. Badala ya kukaa nyumbani akisikitika, aliwafuata vijana wa mtandao wa video wa Nico Nico, akaimba nyimbo zao. Mwaka 2014 akaenda Comic Market, soko kubwa la kazi za mashabiki jijini Tokyo, akakaa nyuma ya meza kama muuzaji mwingine yeyote, akauza CD yake kwa mkono wake huku foleni ikijipinda. Kwa sababu ya magauni yake makubwa kama majengo, vijana walishambatiza "bosi wa mwisho", yaani lile jitu linalokungoja mwisho wa gemu. Mwaka uliofuata akarudi Kohaku, na wimbo aliokwenda nao ulikuwa wa kwao.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinavuruga swali ambalo kila kijiwe cha mashabiki hulirudia: je, wanamuziki waliotoka miongoni mwetu sisi wapenzi wa katuni, gemu na hadithi za kubuni wanaweza kutambuliwa na watu wa kawaida, wale wasiojua habari zetu? Hapa tunaona nyota mkubwa ndiye aliyekwenda kuokolewa na mashabiki.

Wanaobishana juu ya swali hili wana pande mbili. Wa kwanza wanasema haiwezekani: shabiki ni shabiki, dunia itamcheka, atatajwa gazetini siku moja kama kituko kisha basi. Wa pili wanasema mlango umekwishavunjwa na intaneti. Mwenye kipaji atatoboa tu, iwe alianzia chumbani kwake au studio. Kila upande una ushahidi wake. Ila wote wanazungumza kana kwamba mashabiki wote ni wamoja, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Inategemea ni mashabiki wa nini.

Chukua filk. Huo ni muziki wa wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi, hasa Marekani. Jina lenyewe lilizaliwa miaka ya 1950 kutokana na kosa la kuchapa neno "folk", wakalipenda wakalibakiza. Kwenye mikusanyiko yao, usiku ukishakuwa mkubwa, watu hujifungia katika chumba cha hoteli, wakakaa duara na magitaa, kila mmoja akaimba zamu yake: vyombo vya anga, majoka, wahusika wa vitabu. Wana hata tuzo zao, Pegasus, tangu 1984. Wapo waimbaji wazuri sana mle. Lakini utani wa wimbo hauingii mpaka uwe umesoma kitabu, na nusu ya raha ni kule kujuana kwamba sote tumekisoma. Ukiutoa wimbo kwenye lile duara ukaupeleka redioni, msikilizaji anajihisi kama mgeni aliyekaribishwa kwenye harusi asiyemjua bwana wala bibi.

Harry and the Potters nao ni hivyo hivyo. Ndugu wawili wa Massachusetts walianza mwaka 2002, wakivaa tai kama wanafunzi wa shule ya uchawi, wakipiga roki kwenye maktaba za umma. Waliandikwa sana, wakafuatwa na bendi nyingine nyingi za mtindo huo. Lakini sifa waliyopewa na dunia ilikuwa ya "vijana wale wa Harry Potter". Hiyo si dharau, ndivyo walivyotaka wenyewe. Ila kutajwa ni kitu kimoja, kutambuliwa kama mwanamuziki ni kingine, na watu wengi wa upande wa pili huvichanganya.

Sasa tazama Japani. Tarehe 31 Agosti 2007, kampuni ya Crypton Future Media ya Sapporo iliingiza sokoni programu ya kuimba inayotumia teknolojia ya Vocaloid ya Yamaha. Sauti ilitoka kwa mwigizaji Saki Fujita, ikakatwa vipande vidogo vidogo vya matamshi. Juu ya kasha wakachora msichana mwenye nywele ndefu za rangi ya feruzi, wakamwita Hatsune Miku. Ndiyo programu iliyoimba Senbonzakura. Kazi yake ni rahisi kuieleza: unaandika maneno silabi kwa silabi, kila silabi unaipa noti na urefu wake, kisha Miku anaimba. Kijapani, kama Kiswahili, silabi zake karibu zote huishia na irabu. "Sa-ku-ra" inakaa kwenye noti tatu bila ubishi, kama vile "ma-pe-nzi". Saa nyingi zinakwenda kwenye kurekebisha pumzi na kupinda sauti ili asisikike kama mashine, au wakati mwingine ili asikike hivyo hivyo kama mashine.

Na wasifu wa Miku? Umri miaka 16, urefu sentimita 158, uzito kilo 42. Hadithi hana. Hana filamu wala kitabu kilichomtangulia, hana mji wala adui. Kwa maoni yangu hili ndilo lililoamua kila kitu. Shabiki wa Harry Potter akitunga wimbo, anatunga juu ya Harry Potter. Shabiki wa Miku akitunga wimbo, lazima atafute pa kutoa maneno, na atayatoa maishani mwake: upweke, shule, mapenzi yaliyoshindikana, hasira kwa wakubwa. Mashabiki wale walijikuta watunzi kamili kabla hawajajua. Na kampuni yenyewe haikuwafukuza. Ilifungua mtandao wake wa Piapro, ikaruhusu mhusika wake atumike bure katika kazi zisizo za biashara. Wenye hakimiliki wengine wangekuwa wametuma barua ya wakili asubuhi yake.

Kwenye Nico Nico, maoni ya watazamaji hayakai chini ya video. Yanapita juu ya picha yenyewe, kutoka kulia kwenda kushoto, kila neno kwenye sekunde ile ile ya video lilipoandikwa. Ukitazama wimbo peke yako saa nane za usiku, kwenye kibwagizo skrini inajaa maneno mpaka picha haionekani, kana kwamba uko ukumbini. Mtunzi alikuwa anajua sekunde ipi imewapagawisha watu na ipi imewachosha. Sijui chuo cha muziki kinachotoa mtihani mkali kuliko huo.

Humo, tangu 2009, alikuwemo kijana wa mkoa wa Tokushima aliyejiita Hachi. Mwaka 2012 akatoa albamu kwa sauti yake na jina lake, Kenshi Yonezu. Mwaka 2018 wimbo wake Lemon ulitawala Japani, na mkesha wa mwaka huo alikuwa Kohaku, akiimba moja kwa moja kutoka kwao Tokushima, ndani ya jumba la sanaa lililojenga upya kanisa la Sistine kwa vigae, mishumaa ikiwaka pande zote. Mwaka 2023 Kick Back ukawa wimbo wa kwanza wa Kijapani kupata cheti cha dhahabu cha mauzo cha RIAA, chama cha kampuni za muziki nchini Marekani. Ayase naye alikuwa mtunzi wa Vocaloid kabla ya kuunda kundi la YOASOBI mwaka 2019. Wimbo wao Idol uliongoza chati ya dunia ya Billboard isiyohesabu Marekani mnamo Juni 2023, jambo ambalo wimbo wa Kijapani haukuwahi kulifanya. Ado, aliyeanza kwa kuimba nyimbo za Vocaloid akijirekodi ndani ya kabati la nguo nyumbani kwao, aliujaza Uwanja wa Taifa wa Tokyo mwezi Aprili 2024 bila kuonyesha sura yake.

Kwa hiyo wale wa "haiwezekani" wameshindwa? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Lakini wale wa "mlango umevunjwa" nao wasishangilie haraka. Lemon ilikuwa wimbo wa tamthilia ya televisheni. Kick Back na Idol zilifungua katuni zilizokuwa zikitazamwa dunia nzima. Wimbo uliomtangaza Ado, wa mwaka 2020, ulitungwa na syudou, mtunzi wa Vocaloid, lakini ulitoka ukiwa na kampuni kubwa ya muziki ya Universal nyuma yake. Mlinzi wa mlango yupo pale pale. Kilichobadilika ni kwamba amepata mahali papya pa kuchagulia watu.

Nyumbani tunao mfano wa kupimia, ingawa si wa jamii ya mashabiki kwa maana ile ile. Singeli ilikulia kwenye vigodoro vya uswahilini Dar es Salaam, watu wa heshima wakiiita uhuni. Leo ipo kwenye matangazo na majukwaa makubwa, na mwaka 2017 lebo ya Kampala yenye jina lisilotamkika mbele ya wakwe, Nyege Nyege Tapes, iliipeleka Ulaya kwa mkusanyiko kutoka studio ya Sisso. Singeli ilidharauliwa sana, pengine zaidi ya wapenzi wa katuni. Lakini haikudai msikilizaji awe amesoma au kutazama chochote kwanza. Ngoma ikianza, mwili unajijibu wenyewe. Dharau inapita. Fumbo linalohitaji ufunguo ndilo linalobaki nje.

Kuna hoja moja ya upande wa kwanza ambayo siwezi kuipuuza, nayo ni ya bei. Hachi alipotoboa, alitoboa kwa kuacha sauti ya Miku. Ayase alimchukua mwimbaji wa kike mwenye pumzi. Kinachotambuliwa ni mtu, na jamii iliyomlea inabaki mstari mmoja kwenye wasifu wake. Mwaka 2017, Miku akitimiza miaka kumi, Yonezu alirudi kwa jina la Hachi na kuandika wimbo wa tamasha la sherehe hiyo. Akauita Sayari ya Mchanga. Aliuchora ulimwengu ule kama jangwa. Baadhi ya mashabiki waliumia: umeondoka, umetajirika, halafu unarudi kwenye sherehe yetu kutuambia kwetu kumekauka? Wengine walisikia humo wito wa kupanda miti. Nimeusikiliza mara nyingi na kila mara nasikia vyote viwili, na nadhani ni mtu aliyekulia pale tu ndiye angethubutu.

Miku mwenyewe, akipelekwa kwa watu wa kawaida bila binadamu wa kumsemea, hupokewa kwa namna nyingine. Alifungua maonyesho ya Lady Gaga mwaka 2014, na mwaka 2024 alikuwa kwenye tamasha la Coachella. Huko California mashabiki wake ndio waliolalamika zaidi, kwa sababu badala ya kile kioo kinachomfanya aonekane amesimama jukwaani, aliwekwa kwenye skrini ya kawaida kama tangazo la barabarani. Kwa watazamaji wageni ilikuwa katuni inayoimba. Kwa waliomjua, alikuwa amenyimwa mwili.

Ndiyo maana narudi kwa mama Kobayashi. Katika mifano yote, ule wa Senbonzakura ndio ninaoupa uzito zaidi, kwa sababu pale hakuna shabiki aliyebadilisha jina wala aliyehama. Wimbo wenyewe ndio uliokwenda Kohaku, kupitia kinywa cha mwimbaji ambaye bibi za vijana wale walikwishamwamini. Ilihitaji mtu wa ndani ya nyumba kubwa afukuzwe kwanza ndipo atoke nje na kuusikia.

Na bei nayo si lazima ilipwe yote. Mwaka 2021, YOASOBI wakiwa wamekwishatawala chati za Japani, Ayase alichukua nyimbo zile zile zilizowapa umaarufu, akaondoa sauti ya mwimbaji wake na kumrudisha Miku aziimbe upya, silabi kwa silabi. Akazitoa kama EP. Hakuna katuni iliyoziomba.